Nilivyolisikia Neno Kigabiro

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Maman alizoea kusema nilizaliwa jicho moja wazi, namchunguza mkunga. Ukinisalimia vizuri kupita kiasi asubuhi, kutwa nzima nitajiuliza unataka nini. Lakini mwaka ninaousimulia hapa, kushuku hakukuwa ugonjwa wangu peke yangu. Vita vya kwanza vya ng'ambo, kule Kongo, vilikuwa vimekwisha na vya pili vilikuwa vinaanza. Mpaka wa Rusizi ulifungwa na kufunguliwa bila mtu kuelezwa sababu, na huku upande wetu kila mpita njia alitazamwa viatu kwanza, uso baadaye. Viatu vilieleza ametembea kutoka wapi.

Tulikuwa tumerudi, Maman na mimi. Nasema "kurudi" kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye vyeti vyetu, ingawa mimi nilizaliwa Bukavu na Maman naye alizaliwa huko huko Kivu. Mwenye haki ya neno hilo alikuwa Papa, na Papa tulikuwa tumekwisha kumzika Bukavu. Alitoka Nyakarenzo akiwa mtoto wa miaka sita, amebebwa mgongoni na shangazi yake, na maisha yake yote alitupa mambo mawili tu kuhusu kwao: jina la kilima, na kwamba chini ya nyumba yao kulikuwa na chemchemi inayotoka kwenye jiwe. Basi. Ukimuuliza zaidi, alikuwa anawasha redio.

Kilima tulikipata, na chemchemi ya jiwe pia. Juu yake palikuwa na nyumba ya udongo isiyo na mtu, na shamba linaloshuka hadi kijitoni. Mkuu wa kitongoji, ambaye kila mtu alimwita responsable, alitufungulia mlango kwa kuusukuma na bega.

"Ikaleni," alituambia kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda changu alikuwa amekwisha kukisikia akakionea huruma. "Lakini karatasi sitabapa leo. Siku nitapata muntu moya wa hapa, mukubwa wa miaka, aseme anajua baba yenu alitoka hapa, shamba ni yenu. Akikosekana, mutaenda kule commune itabapeleka."

Mtu mmoja. Hilo ndilo lililokuwa kati yetu na kufunga mizigo tena. Maman alikuwa amechoka kuhama. Magoti yalikuwa yamemvimba, na usingizi wa kwanza alioupata katika nyumba ile aliamka akasema hapa ndipo atakapofia, akacheka kama mtu aliyepewa habari njema. Nikajiapiza kwamba hakuna atakayemtoa.

Ungedhani basi ningezunguka mlango hadi mlango nikilitaja jina la Papa. Thubutu! Kilima chenyewe sikijui, watu wake siwajui, na kila mmoja wao alikuwa na miaka kadhaa nyuma yake ambayo hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wao nao hawakutuuliza yetu. Tulisalimiana tukiangalia pembeni. Walituita "wale wa Zaire", hata baada ya Zaire yenyewe kubadili jina, na nilipofungua mdomo sokoni wanawake waliinamisha vichwa kuficha kicheko.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni jirani yetu wa juu, mama mjane wa umri wa Papa, ambaye hakuwahi kukihama kilima kile hata siku moja. Alikuwa mwema mno! Mara ametuletea maharage mabichi, mara mbegu za boga, mara amekuja tu kukaa kwenye kizingiti kumtazama Maman akichambua mchele. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, cherehani yangu nilivuka mpaka nimeibeba kichwani, nikaiweka barazani. Yule mama alikuwa akinitazama nikishona hadi najidunga sindano. Hatazami mikono. Anatazama uso, hasa masikio yangu, kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Maman," nikasema siku moja alipoondoka, "huyu anatafuta nini kwetu?"

"Anatafuta bantu ba kuongea nabo. Iko peke yake."

"Usimwambie jina ya Papa. Tujue kwanza yeye ni nani."

"Na wewe utajua namna gani kama hatuongei naye?"

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu.

Kisha kulikuwa na ile miti. Mitatu, mwisho wa juu wa shamba letu, imejipanga kwa kupinda kidogo. Imivumu, ndivyo wanavyoiita, mitini mikubwa ya porini yenye mashina ambayo watu wanne hawangeweza kuyakumbatia. Si miti iliyonishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeigusa. Elewa hali ya kuni mwaka ule: wakimbizi walikuwa wamepita, majeshi yalikuwa yamepita, vilima vilikuwa vimenyolewa mpaka visiki vikang'olewa. Mtu alikuwa anatembea saa nzima kutafuta kuni za kuivisha chungu kimoja. Na pale juu yetu, matawi makavu yalianguka chini ya imivumu, yakaoza, hakuna mkono ulioyaokota. Nilipoyaokota mimi, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mtungi alisimama, akaniangalia, akaenda zake bila kuaga.

Ala! Kwa nini? Nikaanza kuwaza mabaya. Nchi yetu ilikuwa na sehemu nyingi ambazo watu walizikwepa kwa sababu ya vilivyofukiwa. Nilikwenda nikaipapasa ardhi kati ya miti kwa kijiti. Ilikuwa ngumu, ya zamani, haijachimbwa. Nikapata jiwe la kusagia lililolika katikati, na alama ya mtaro uliojaa majani ukizunguka kote, mpaka chini ya nyumba yetu. Sikutulia hata hivyo. Usipoliona baya unalolitafuta, unashuku limefichwa vizuri.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, anafundisha shule ya upande wa pili wa bonde, mwenye baiskeli na daftari gumu la madoadoa. Nilimwona asubuhi moja akipima shina la umuvumu mmoja kwa mita ya kushonea. Mita ya kushonea, kama yangu! Hapo hasira zikanipanda, kana kwamba kaingia sandukuni mwangu. Alipima shina, akahesabu hatua kutoka mti hadi mti, akaandika. Alifuata ule mtaro hadi ukutani kwetu, akaandika. Halafu akaenda kusimama na jirani yetu kwenye njia, nami nikaacha cherehani na kusogea nyuma ya migomba.

Sasa lazima nikiri jambo. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni. Papa alitusemesha, sisi tukamjibu kwa Kiswahili, ndivyo nyumba nyingi za Bukavu zilivyokuwa. Leta maji, funga mlango, chakula kimeiva, hayo nayajua. Maneno ya watu wazima, ya ardhi na ya ukoo, yalinipita kama maji ya bomba lililo wazi. Pale nyuma ya migomba nilishika machache. Nilisikia "isambu", yaani shamba. Nilisikia "responsable". Na nilisikia, mara nne au tano, "ikigabiro".

Kigabiro. Nikageuka kurudi nyumbani. Kwa maana neno linalofanana nalo nililijua tangu utotoni: Maman alipotuwekea sahani moja ya sombe watoto watano, alisema "mugabane neza", mgawane vizuri. Kugabana ni kugawana. Basi kigabiro kingekuwa nini zaidi ya mahali pa kugawia? Na siku zile kulikuwa na uvumi kila soko kwamba mashamba yatakatwa, mwenye kubwa ampe asiye na kitu.

"Maman, banataka kugawanya shamba," nikasema nikiingia ndani.

"Nani njo alikuambia?"

"Masikio yangu. Yule mwalimu anapima, na ule mama anamuonyesha mipaka. Banasema hapa ni kigabiro. Njo maana alikuwa anatuletea maharage, alikuwa anakagua!"

"Tumuulize, basi."

"Tumuulize yeye? Atakubali namna gani?"

Maman akatikisa kichwa, akarudi kwenye jiko lake. Alikuwa hanipingi nikipandisha sauti. Alikuwa anafanya lake kimyakimya, jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka.

Siku mbili baadaye nilimkamata mwalimu barabarani. Kiswahili alikijua vizuri, cha Kamembe, cha watu wa maduka. Nikamsimamishia baiskeli kwa mkono.

"Mwalimu, ile miti inakuhusu nini?"

Akafurahi kuulizwa! Macho yakamng'aa, akaniita Maman kama wanavyowaita wanawake wote huku. "Maman, ile miti ndiyo yote. Bila ile miti, nani angejua kwamba pale ni kigabiro? Hakuna nyumba, hakuna ukuta, hakuna maandishi. Miti tu ndiyo inasema."

"Miti tu?"

"Miti tu. Kwingine wameikata, na sasa hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kitu."

Ningemuuliza neno moja tu: kigabiro ni nini? Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini wapita njia walikuwepo, na mimi ni mtu aliyerudi kwao. Mtu aliyerudi kwao atauliza vipi barabarani maana ya neno la kwao? Nikamwambia "asante, Mwalimu", nikamwachia baiskeli yake, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekwisha amua. Kama miti tu ndiyo inasema, basi isiseme.

Nilianza na fundi seremala wa kilima chetu. Nilimkuta shoka liko begani, anatoka kazini. Nikamwomba aniangushie miti mitatu. Aliposikia ni ipi, akasema, "Kazi hiyo mimi siijui." Na shoka liko begani! Nikamcheka usoni. Nikasema moyoni, eheee, hata wewe umo. Nikashuka hadi Nkanka, ziwani, nikampata mchonga mitumbwi ambaye pia alichonga vihori vikubwa vya kukamulia pombe ya ndizi. Mti wa umuvumu unafaa sana kwa kazi hiyo, akafurahi. Hakukijua kilima chetu wala habari zake. Alikuja Jumanne asubuhi na kaka yake, msumeno wa watu wawili, na kamba.

Aliusimamia mti wa kwanza akiutazama juu. "Maman, hii miti ni yako kweli?"

"Sasa ni ya nani?"

Akatema mate viganjani, akaanza. Mti ule ukikatwa hutoa utomvu mweupe, mzito, unatiririka kama maziwa, na ulitiririka hadi ukalowesha vumbi la mbao. Maman alitoka ndani, akaona, akajifunika mdomo kwa kitenge.

"Mutoto wangu, uliuliza muntu?"

"Nilijiuliza mwenyewe."

Akarudi ndani. Mti wa kwanza ulianguka, ardhi ikatetemeka mpaka sufuria zikalia. Watu wakaanza kukusanyika njiani, wawili, watano, kumi. Hakuna aliyesema acha. Walisimama tu, wanaume wamevua kofia, na mimi mjinga nikauona ukimya ule kuwa wa watu walioshikwa wakiiba. Nikajishika kiuno. Nikawaambia kwa Kinyarwanda changu cha jikoni, "Chakula kimekwisha!" Ndiyo maneno pekee ya dharau niliyoyajua. Sijui walielewa nini, na hakuna aliyecheka. Mti wa pili ulianguka saa nane mchana.

Walikuwa wameanza kuukata wa tatu, msumeno umeingia kiganja kimoja, nilipomwona jirani yetu anapanda njia kutoka barabara kuu. Amevaa kitenge chake cha kuendea misa, kile cha bluu, na kilemba juu. Nyuma yake mwalimu anasukuma baiskeli. Nyuma ya mwalimu, responsable na mfuko wake wa karatasi.

Nikasema ndani yangu, hawa wamekuja kugawa, wamechelewa!

Yule mama alifika kwenye kona ambapo mtu huanza kuiona miti, akasimama. Hakupiga kelele. Alishika mkono wa mwalimu kama kipofu. Mchonga mitumbwi alipomwona uso wake alichomoa msumeno bila kuambiwa, akaanza kukunja kamba. Mti ule wa tatu haukukatwa zaidi, na upo hadi leo na kovu lake.

"Maman," mwalimu akaniuliza, sauti imekauka, "kwa nini?"

Nikamjibu mbele ya wote, kwa fahari kabisa, kwamba najua kigabiro ni nini, mahali pa kugawia ardhi, na kwamba ardhi ya mama yangu haigawiwi. Alinitazama. Kicheko kilimtoka kidogo, cha mshtuko, kikakatika. Kisha akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa darasa la pili.

Kigabiro ni mahali palipokuwa na makao ya mfalme zamani, au ya mkuu aliyetumwa na mfalme. Zamani sana, kabla mzungu wa kwanza hajaijua njia ya huku. Makao yale yalikuwa na ua wa fito za umuvumu. Watu walihama, nyumba zikaoza, mfalme akafa, lakini fito zilikuwa zimechipua, zikawa miti. Ule mtaro ulikuwa mstari wa ua. Chemchemi ya jiwe ndiko yalikotekwa maji ya nyumba kubwa. Jiwe la kusagia lilikuwa la jikoni kwao. Kijiji chote kilianzia pale, watu wakajenga kukizunguka kigabiro, na kwa miaka mia kadhaa hakuna aliyevunja hata tawi. Na palikuwa na ukoo mmoja uliopewa kazi ya kupatunza, mtoto akimrithi baba, ukikaa hapo hapo ndani ya mstari wa ua.

"Ukoo huo ulikimbia," akasema. "Nilikuwa nautafuta mwaka mzima. Huyu mama ndiye aliyeniambia juzi kwamba ameupata."

Nikageuka kumtazama Maman mlangoni. Alikuwa analia. "Nilimwambia jina ya Papa," akasema. "Siku tatu sasa. Nilikuficha kwa sababu ungegombana."

Ndipo jirani akanisogelea, akazungumza kwa Kinyarwanda, taratibu, kwa sauti ya kunitosha mimi tu, akahakikisha nashika kila neno. Alisema alimjua Papa. Walikuwa watoto wa umri mmoja, walichota maji pamoja pale kwenye jiwe, na Papa alikuwa na masikio yaliyochomoza, kama yangu, ndiyo maana alikuwa akinitazama. Alisema babu yangu alikuwa mkali mno kuhusu miti ile hata akakataza nguo kuanikwa kwenye matawi yake. Usiku waliokimbia, babu alimwomba baba wa jirani huyu aitazame miti mpaka watakaporudi. Na waliitazama. Wakati wa njaa ya kuni, wanawake wa kilima kile walichoma magunzi, wakachoma mlango wa zizi, wakachoma viti. "Mimi nilichoma kitanda changu," akasema. "Nalala chini."

Yesu wangu! Nilipiga magoti, nikamshika kitenge. Nikamwambia sikulijua neno. Nikamwambia aibu ndiyo iliyonifunga mdomo, si ubaya. Nikamwita mama yangu. Alikitoa kitenge chake mikononi mwangu, pindo kwa pindo, bila hasira, akakinyoosha.

Hadi leo, kwa tabia yangu hii, kuna siku nakaa najiuliza kama kweli angeyasema hayo mbele ya responsable, au kama dakika ya mwisho angeogopa, maana kutoa ushahidi siku zile hakukuwa mchezo. Najiuliza ili nipate mahali pa kumlaumu. Lakini alikuwa amevaa kitenge cha misa. Mtu haendi kukaa kimya na kitenge cha misa.

Responsable hakuwa mtu wa kungoja machozi ya watu yaishe. Alikalia shina la mti wa pili, utomvu bado unatoka, akaweka karatasi juu ya paja na kutafuta kalamu.

"Nimeitwa hapa kusikiliza ushahidi," akasema. "Mama, hawa unawajua?"

Kilima kizima kilikuwa njiani kinasikiliza. Yule mama aliitazama miti iliyolala, akamtazama Maman, akanitazama mimi, masikio na yote.

"Nawajua," akasema. "Walifika mwaka jana, wakati wa kupanda maharage."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo siwajui."

Mwalimu aligeuza baiskeli yake. Responsable akaandika. Maman hakungoja amalize mstari. Aliingia ndani, nikasikia anashusha sufuria kutoka ukutani, moja moja, anazipanga ndani ya ile kubwa.